Mapishi ya kosheri: Kitabu kinaposhika nafasi ya mama, jikoni na kambini

MTOTO anayelelewa katika nyumba inayozingatia sheria za chakula za Kiyahudi hajifunzi sheria hizo kitabuni. Huziona zikitekelezwa kila siku mekoni. Sufuria hii ni ya nyama, ile ni ya maziwa. Kisu cha nyama hakigusi jibini. Mayai hupasuliwa moja moja katika bakuli la pembeni ili lile lenye doa la damu litupwe kabla ya kuchanganywa na mengine. Afikapo umri wa kuanzisha nyumba yake, huwa hana haja ya kumwuliza mtu.

Kitabu huanza kuhitajika pale mlolongo huo unapokatika. Hukatika mtu anapohamia nchi ya mbali, anapofiwa na mama mapema, au hata anapoondoka nyumbani kwa siku tatu kwenda kupiga kambi msituni akiwa na sufuria moja na kiberiti. Ndiyo maana vitabu vya mapishi ya kosheri na vile vya mapishi ya kambini, ambavyo kwa mtazamo wa kwanza havina uhusiano wowote, vina asili inayofanana. Vyote viliandikiwa mtu aliye mbali na jiko alilolizoea.

Makala haya yanaeleza kosheri ni nini, vitabu vyake vilizuka vipi na vimebadilika kwa namna gani, vitabu vya kambini vilitokea wapi, na mambo ambayo mpishi hukabiliana nayo anapolazimika kuvitumia vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kosheri ni nini?

Neno hili la Kiebrania lina maana ya kitu kinachofaa. Misingi yake imo katika Walawi sura ya 11 na Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Mnyama wa nchi kavu anayeruhusiwa ni yule mwenye kwato zilizopasuka kati na ambaye hucheua. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na swara wana sifa zote mbili. Nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui; ngamia hucheua lakini andiko linamhesabu kuwa asiye na kwato zilizopasuka. Wote wawili wamekatazwa.

Kwa upande wa samaki, ni sharti awe na mapezi na magamba. Hivyo ngege na mbuta wanaliwa, ilhali kambare, papa, pweza, kamba na kaa hawaliwi. Si ajabu basi kwamba mbuta wa Ziwa Victoria alipata soko nchini Israeli, ambako huuzwa kwa jina lenye maana ya 'binti mfalme wa Nile'. Minofu ya samaki aghalabu hubakishiwa kipande cha ngozi chenye magamba ili mnunuzi aone kwa macho yake.

Mnyama na ndege huchinjwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo. Kwa kuwa damu imekatazwa, nyama hulowekwa majini kwa nusu saa, hutiwa chumvi kwa saa moja, kisha husuuzwa. Ini, kwa sababu ya wingi wa damu yake, huchomwa motoni.

Sheria inayoyatawala mapishi kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya kutomtokosa mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, ambayo imetajwa mara tatu katika Torati. Marabi waliifasiri kuwa ni marufuku kuipika nyama pamoja na maziwa, kuvila pamoja, au kufaidika na mchanganyiko huo. Kutokana na tafsiri hiyo, nyumba huwa na vyombo vya aina mbili. Anayekula nyama husubiri kabla ya kugusa maziwa: wengi husubiri saa sita, Wayahudi wenye asili ya Ujerumani saa tatu, na wa Uholanzi saa moja. Vyakula visivyo nyama wala maziwa, kama vile nafaka, mboga, matunda, mayai na samaki, huitwa parve. Hivi huweza kuandamana na upande wowote, ingawa desturi haipendi samaki na nyama vipikwe pamoja.

Msomaji wa hapa nchini anaweza kulipima jambo hili kwa meza yake mwenyewe. Nyama choma ikifuatwa na bilauri ya maziwa lala si mlo wa kosheri, hata kama mbuzi amechinjwa ipasavyo. Pilau ya nyama iliyoungwa kwa samli vilevile haifai. Lakini kuku wa kupaka, ambaye uzito wa mchuzi wake watoka katika tui la nazi, hana kasoro mradi kuku mwenyewe awe amechinjwa kisheria. Kadhalika, asidhani mtu kuwa kosheri na halali ni kitu kimoja. Ngamia ni halali kwa Mwislamu na si kosheri kwa Myahudi. Na katika Uislamu hakuna sheria ya kutenganisha nyama na maziwa.

Vitabu vya kwanza

Mwaka 1815 kitabu cha mapishi kwa Wayahudi kilichapishwa katika mji wa Karlsruhe, Ujerumani. Kwa Kiingereza cha kwanza kilikuwa The Jewish Manual, kilichotoka London mwaka 1846 bila jina la mwandishi. Inakubalika kwamba aliyekiandaa ni Judith Montefiore, mke wa tajiri na mfadhili Moses Montefiore. Nchini Marekani, Esther Levy alitoa Jewish Cookery Book mjini Philadelphia mwaka 1871. Kitabu chake kilikuwa pia na kalenda na mashauri ya kuendesha nyumba, dalili kwamba kiliwalenga wanawake waliokuwa mbali na wazee wa kuwauliza.

Ni muhimu kutambua kwamba si kila kitabu cha mapishi ya Kiyahudi ni cha kosheri. Mwaka 1883, katika karamu iliyofanyika Cincinnati kuadhimisha kufuzu kwa marabi wa kwanza wa Chuo cha Hebrew Union, wageni waliandaliwa kamba, kaa na miguu ya vyura. Baadhi ya marabi waliondoka mezani kwa hasira. Kitabu maarufu cha "Aunt Babette" cha mwaka 1889 kilikuwa na mapishi ya chaza. The Settlement Cook Book, kilichoandaliwa Milwaukee mwaka 1901 na Lizzie Black Kander kutokana na masomo aliyowapa mabinti wa wahamiaji, nacho hakikujifunga na sheria hizo. Nakala zake zilizouzwa zilizidi milioni moja. Vitabu hivi viliwafunza wahamiaji kupika Kimarekani. Kwa wengine hilo lilikuwa mlango wa maisha mapya, na kwa wengine lilikuwa mwanzo wa kuisahau nyumba.

Viwanda vyaingia jikoni

Karne ya 20 ilileta swali ambalo bibi hakuwahi kuulizwa: je, kilichomo ndani ya mkebe ni nini? Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Crisco, mafuta meupe magumu yaliyotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za pamba. Kwa mpishi wa kosheri hili lilikuwa jambo kubwa. Siagi ni maziwa, haingii katika mlo wa nyama. Mafuta ya nguruwe ni marufuku kabisa. Sasa alipata mafuta ya parve ya kuokea keki itakayoliwa baada ya nyama. Mnamo 1933 kampuni hiyo ilichapisha kijitabu cha mapishi kwa ajili ya mama wa Kiyahudi, kwa Kiyidi na Kiingereza.

Wakati huohuo kulianza utaratibu wa kukagua viwanda. Maharagwe ya kopo ya kampuni ya Heinz yalikuwa miongoni mwa bidhaa za awali, mwaka 1923, kubeba alama ya herufi U ndani ya duara, ambayo hutolewa na shirika la Orthodox Union. Tangu hapo, vitabu vya mapishi vilianza kumwagiza mpishi asome kibandiko kabla ya kuwasha jiko.

Kitabu kisicho na chakula

Katika historia hii kuna kitabu kimoja ambacho hakikuandikwa jikoni. Katika kambi ya wafungwa ya Terezín, iliyoanzishwa na Wanazi katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, wanawake Wayahudi waliokuwa wakifa njaa waliandika kwa mkono mapishi ya keki, nyama na vitafunio walivyokuwa wakipika makwao. Mmoja wao, Mina Pächter, alifariki humo mwaka 1944. Kabla ya kufa alimkabidhi rafiki yake karatasi hizo amfikishie bintiye. Zilipita mikononi mwa watu kadhaa kwa miaka 25 na kumfikia binti huyo mjini New York mwaka 1969. Zilichapishwa mwaka 1996 katika kitabu In Memory's Kitchen, kilichohaririwa na Cara De Silva.

Baadhi ya mapishi hayo yana mapengo, kwani waliyaandika kwa kukumbuka tu huku njaa ikiwadhoofisha. Hata hivyo, yanaonyesha wazi kuliko maelezo yoyote kwa nini watu huandika mapishi. Waandishi hao hawakuwa na unga wala mayai. Walichokuwa nacho ni hofu kwamba maarifa yao yangekufa pamoja nao.

Kosheri ya kisasa

Mwaka 1990 wanawake wa vuguvugu la Lubavitch huko Brooklyn walitoa toleo jipya la Spice and Spirit, kitabu kinachomfunza msomaji sheria na mapishi kwa pamoja. Kinamfaa mno mtu aliyeamua kuzishika sheria hizo ukubwani bila kuwa na mama wa kumwelekeza.

Claudia Roden alifuata njia nyingine. Alizaliwa Cairo mwaka 1936, na familia yake ikalazimika kuhama Misri baada ya vita vya Suez vya mwaka 1956. Katika The Book of Jewish Food cha mwaka 1996 alikusanya mapishi ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki na ya wale wa Mediterania, Mashariki ya Kati na India. Wasomaji waligundua kwamba hakuna ladha moja ya Kiyahudi. Kila jamii ilichukua viungo vya nchi ilimoishi na kuviingiza ndani ya mipaka ya sheria.

Mwaka 2003 Susie Fishbein alitoa Kosher by Design kupitia ArtScroll, kampuni inayojulikana zaidi kwa vitabu vya sala. Kilikuwa na picha kubwa za rangi na milo ya kupendeza mezani, kikafuatwa na vingine kadhaa. Tangu hapo, mpishi wa kosheri hakutazamiwa tena kuridhika na nyama ya kuchemsha na viazi.

Ufundi mkuu wa vitabu hivi vya kisasa ni kubadilisha kiungo bila kupoteza ladha. Badala ya krimu hutumiwa tui la nazi au maziwa ya lozi. Badala ya siagi, mafuta ya zeituni. Hila hii si ngeni. Sheria za karne ya 16 tayari zilimwelekeza aliyepika nyama kwa maziwa ya lozi aweke lozi chache kando ya sahani, ili atakayeona weupe wa mchuzi asidhani kuwa sheria imevunjwa.

Mapishi ya kambini

Vitabu vya kambini navyo vilizaliwa na watu kutengana na maarifa ya kale. Katika karne ya 19 wakazi wa miji ya Marekani walianza kwenda misituni kwa mapumziko, lakini wengi hawakujua tena kuwasha moto. George Washington Sears, aliyeandika kwa jina la Nessmuk, alitoa Woodcraft mwaka 1884. Horace Kephart, aliyekuwa mkutubi huko St. Louis kabla ya kuhamia milima ya Great Smoky, alichapisha kitabu cha maisha ya kambini mwaka 1906 na Camp Cookery mwaka 1910. Kati ya vitabu hivyo viwili, mwaka 1908, Robert Baden-Powell alitoa Scouting for Boys, kilichowahimiza vijana kujipikia nje. Mwanzilishi huyo wa Skauti alizikwa Nyeri mwaka 1941.

Mafunzo ya vitabu hivi hayajapitwa na wakati. La kwanza ni kwamba chakula hupikwa kwa makaa, si kwa ndimi za moto. Mwenye haraka huunguza nje na kuacha ndani pabichi. La pili ni uzito: kila kitu hubebwa mgongoni, kwa hiyo chakula kikavu hushinda cha kopo. La tatu ni mwinuko. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pwani, na kiwango hicho hupungua kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Nairobi huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na juu ya mita 4,000 katika Mlima Kenya chini ya nyuzi 88. Maharagwe yanaweza kuchemka huko usiku kucha yasiive. Mpanda mlima huchukua shayiri iliyopondwa, tambi au dengu ndogo.

Stovu nazo zilipunguza utegemezi wa kuni. Ile ya mafuta ya taa yenye pampu, Primus, ilianza Sweden mwaka 1892, na jina lake likaenea duniani kote.

Kosheri ikitoka nje

Mpishi wa kosheri akiwa kambini hana makabati mawili wala sinki mbili. Jibu rahisi zaidi, na ndilo ambalo wengi huchagua, ni kuifanya safari nzima iwe ya parve: nafaka, mboga, mayai na samaki wa kopo mwenye alama ya ukaguzi. Anayetaka nyama na maziwa hubeba sufuria mbili zilizotiwa alama. Wavu wa kuchomea nyama uliotumiwa na wengine hauwezi kutumiwa hivihivi. Ama huchomwa motoni mpaka uwe mwekundu, ama chakula hufungwa ndani ya karatasi ya alumini mara mbili.

Moto wenyewe pia una sheria. Kuna vyakula ambavyo Myahudi anapaswa kushiriki katika kuvipika: Waashkenazi hutosheka akiwasha moto, bali Wasefardi hutaka aweke chungu motoni kwa mkono wake. Na siku ya Sabato, kuanzia machweo ya Ijumaa hadi Jumamosi usiku, moto hauwashwi kabisa. Kutokana na katazo hilo kulizuka mlo wa chungu kimoja uitwao hamin au cholent, wenye maharagwe, ngano au shayiri, viazi na nyama. Huanza kuiva kabla ya jua kutua na kuachwa juu ya moto wa chini uliofunikwa hadi mchana wa pili. Mlo huu ulipikwa vizazi vingi kabla ya kitabu chochote cha kambini kuandikwa, na bado unafaa kambini kuliko mingi.

Mfano mwingine ni kitamutamu kinachopendwa na watoto wa Marekani, cha mashmelo yaliyochomwa motoni na kubanwa pamoja na chokoleti kati ya biskuti mbili. Kilichapishwa katika kitabu cha Girl Scouts mwaka 1927. Mashmelo ya kawaida aghalabu yana jelatini ya nguruwe, hivyo hutafutwa yaliyotengenezwa kwa jelatini ya samaki. Na ikiwa watoto wamekula soseji za ng'ombe jioni hiyo, chokoleti ya maziwa haifai. Huhitajika chokoleti nyeusi isiyo na maziwa. Mapishi yenye mistari mitatu tayari yana maswali mawili ya sheria.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kula nje ni jambo geni kwa dini hii. Katika sikukuu ya Vibanda familia hula nje ya nyumba kwa siku saba, chini ya paa la matawi. Mwanakondoo wa Pasaka ya kwanza aliamriwa achomwe kwa moto, asitokoswe. Na nchini Israeli leo chungu cha chuma chenye miguu mitatu, kilichotoka Afrika Kusini, ni kipenzi cha wapiga kambi.

Hapa Afrika Mashariki upo mfano wa jamii iliyoanzia kitabuni moja kwa moja. Waabayudaya, wanaoishi karibu na Mbale nchini Uganda, walifuata njia ya Semei Kakungulu, aliyeikumbatia Torati mwaka 1919 baada ya kulisoma Agano la Kale. Hawakuwa na bibi wa kuwaonyesha. Walisoma kwanza, na Wayahudi wa kigeni waliopita huko baadaye wakawaongezea maarifa.

Namna ya kuchagua kitabu

Anayenunua kitabu cha aina hii azingatie mambo machache. Kwanza, ahakikishe kimesema wazi kuwa ni cha kosheri, wala si cha 'vyakula vya Kiyahudi' tu. Pili, kila pishi liwe na alama ya nyama, maziwa au parve. Tatu, atazame sehemu ya Pasaka: katika siku hizo chachu na vyakula vya ngano vilivyoumuka huondolewa nyumbani, na Waashkenazi wengi huacha pia mchele, mahindi na maharagwe, ambavyo Wasefardi wengi hula. Pishi linalofaa nyumba moja huenda lisifae jirani yake.

Kwa kitabu cha kambini, ahesabu sufuria. Pishi linalohitaji vyombo vinne si la kambini, hata picha yake ikivutia vipi. Kitaje pia muda wa kuiva, kiasi cha maji na namna ya kufungasha viungo kabla ya safari. Mpishi wa kosheri ataongeza kazi moja kabla ya kuondoka: kuzichambua mboga za majani kwenye mwanga, kwani mdudu mdogo naye ameharamishwa, na kurunzi ya usiku haimwonyeshi vyema.

Mwisho, asikitegemee kitabu milele. Kikifanya kazi yake ipasavyo, baada ya miaka michache kitabaki rafuni kikiwa na madoa ya mafuta, mwenyewe akiwa hahitaji kukifungua. Na wanawe watakuwa wakisimama kando yake, wakijifunza kwa kuona.